Makala Iliyotajwa Mara Kumi na Moja

Kikao cha Tano cha Kamati Ndogo ya Kuhakiki Idadi ya Marejeo katika Machapisho ya Watumishi wa Mkataba kilichukua dakika kumi na mbili, saba zikiwa za kutafuta ufunguo wa ukumbi. Kikazaa barua yenye mihuri miwili. Barua hiyo sasa ilikuwa juu ya benchi linalotazamana na geti la taasisi ya utafiti, imekandamizwa na kikombe cha kahawa isipeperuke. Mwenye barua, mtaalamu wa takwimu za afya ambaye kijiwe hicho cha kahawa kilimbatiza Desimali, hakuwa amekigusa kikombe. Makala yake kubwa, ya vidonge vya presha kwa wajawazito, ilikuwa imetajwa kwenye maandishi ya watafiti mara kumi na moja tu. Isipofika ishirini mwisho wa mwezi, mkataba hauongezwi. Miaka tisa, kwaheri.

— Kumi na moja si haba, alisema Shangazi, mwenye birika. Mimi nitatajwa siku ya msiba wangu tu.

— Nne kati ya hizo nilijitaja mwenyewe, Shangazi.

Bisu, fundi viatu, alitema uzi.

— Kumbe unajipigia makofi!

— Inaruhusiwa.

— Basi jipigie tisa zaidi, yaishe. Mkono mmoja haulei mwana.

Msajili, aliyestaafu masjala lakini masjala haikumstaafu, alikohoa kama anayeomba nafasi ya kuchangia hoja.

— Tatizo ni faili. Mimi ofisi nazijua. Umetajwa mara mia tatu, ila karatasi zimelala mezani kwa mtu aliye likizo.

— Siku hizi inahesabu kompyuta, mzee.

— Na kompyuta haiendi likizo?

— Achana naye, Bisu alisema. Dawa ni uongo. Mkubwa! Andika kwamba kuoga kunaleta presha. Wasomi wote watakurukia: fulani kapotoka, tazama ukurasa wa tatu. Kila tusi, moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nawe si ndiyo unataka kutembea?

Desimali alitabasamu kwa shida. Wazo hilo lilikuwa limemjia Jumanne, akalikalia saa nzima.

— Au ufe, alisema Msajili taratibu. Marehemu hutajwa sana. Tunakutangaza leo, mwezi ujao unafufuka.

— Na mkataba wa marehemu nausaini vipi?

— Hiyo ina fomu yake.

Walicheka, Desimali akiwa wa mwisho na wa kwanza kunyamaza. Ndipo walipomwona mwanamume mwenye saruji viatuni, amesimama mwisho wa benchi.

— Samahani, wakubwa. Mlinzi kaniambia mtu wa vidonge vya presha hukaa hapa.

Alitoa kadi ya njano, kona zake zimelika. Mshiriki namba 208.

— Ya mdogo wangu wa kike. Nimeikuta juzi tukihama. Nyuma imeandikwa ni mali ya taasisi, irudishwe.

— Mbona hakuileta mwenyewe? Shangazi aliuliza, na papo hapo akatamani kulimeza swali.

— Tulimzika mwaka juzi, mama. Na mimba yake.

— Pole, mwanangu.

— Tumeshapoa. Nina swali dogo tu, kisha niwahi kazini. Kichwa kilimuuma hata macho yakawa hayaoni vizuri. Kliniki akakosa mara nne. Na hapa mmeandika mtaa, nyumba, mpaka rangi ya mlango. Alipoacha kuja, nani alikuja kumwangalia?

Bisu alirudi kwenye kiatu ambacho alikuwa amekwisha kukishona. Msajili, aliyekuwa na jibu la kila faili, aliisoma kadi mbele na nyuma, akaiweka juu ya barua. Desimali aliliona jedwali la pili la makala yake kama liko mbele yake. Mstari wa mwisho: hawakupatikana, 31. Chini yake alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba hao ni chini ya kumi kwa mia, hawaathiri matokeo. Katika makala nzima hakuna sentensi aliyoipenda kama hiyo.

Shangazi aliinamisha birika amwekee mgeni. Halikutoa hata tone.

Mwisho wa mwezi makala ilikuwa bado na kumi na moja, na mkataba haukuongezwa. Namba 208 alikuwa mmoja wa wale thelathini na mmoja. Hakuna aliyekwenda kuwatafuta.