Mikono Kifuani

Mwaka 1998, kwenye gari la kutoka Kiboriloni kupanda Old Moshi, mbele yangu walikaa mama muuza ndizi na mzee ambaye konda alimwita Nikodemo. Mama alimpa shikamoo, kisha akamuuliza kama anaumwa, maana alikuwa kimya mno.

"Marahaba. Siumwi," alisema mzee. "Jana tumepimwa nguvu za miguu zahanati, mimi na mke wangu. Unakaa kwenye kiti, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa kwa nusu dakika bila kushika kitu. Yeye kasimama mara kumi na nne."

"Na wewe, baba?"

Mzee alitazama nje. "Mbili. Ya tatu nesi alinishika, na benchi zima linaangalia."

"Majani ya ng'ombe anakata nani?" aliuliza mama.

"Yeye. Mimi nilikuwa na kahawa. Tangu ishuke bei, sina cha kuniinua kitini. Hata pombe ya mbege naletewa."

"Basi hawakupima miguu, baba. Wamepima nani anafanya kazi kwenu."

"Ng'ombe ni wangu," alisema mzee, kwa sauti ndogo. Nikajifanya nasoma gazeti. Mimi pia chai huwa naletewa.

Gari likasimama kwenye njia ya kwenda kwake. Mke wake alikuwa kando ya barabara, mzigo wa majani kichwani, akimsubiri. Mzee alipomwona, aliachia kiti cha mbele alichokuwa amekishika ili ainuke, akakunja mikono kifuani.

"Taratibu, mzee," alisema konda. "Tunakusubiri."