Shilingi ya Mama Karambu

Kwa Idrisi muuza kahawa, nyuma ya soko la Gakoromone, kuna benchi moja tu, na asubuhi huwa imejaa watu wasio na haraka. Salesio mchinjaji, tunayemwita Jaji kwa sababu hukumu yake huja kabla ya ushahidi, hukaa karibu na jiko la kahawa. Mithika, yaani Redio, hukaa popote mradi asikike. Misheck fundi saa ana meza yake ubavuni mwetu, kwa hivyo yuko kijiweni hata akiwa kazini. Jumanne moja ya mwaka wa tisini na nane, Thuranira alitokea upande wa stendi amekunja uso, asisalimie mtu.

Alitupa sarafu juu ya meza ya Misheck.

— Nirudishie ya mama yangu.

Wote tuliijua. Ni shilingi ya mkoloni, simba upande mmoja, kichwa cha mfalme upande wa pili. Marehemu Karambu, mama yake, aliivaa shingoni tangu tukiwa watoto. Mwezi uliopita Thuranira alimletea Misheck aitilie pete mpya ya kupitishia mkufu, ndio amvalishe binti yake siku ya harusi. Harusi ikafika, na mjomba wa bwana harusi, mtu wa kukusanya vitu vya kale, akaishika, akacheka, akatangaza mbele ya wakwe wote kwamba ni feki.

— Binti yangu aliivua akalia, Thuranira alisema. Mbele ya watu. Wewe umebadilisha.

Misheck alisema aliitoa jinsi alivyoipokea. Salesio akaichukua, akaiuma, akasema fedha halisi huwa laini kidogo na hii ni ngumu kama mfupa, kwa hivyo kesi imeisha. Idrisi akampokonya, akatuonyesha ukingoni: halisi ina meno madogo yaliyolingana, na hii ilikuwa na mstari kama wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Mithika naye akadai feki zinatengenezwa kwa mabaki ya nyaya za bwawa la Kiambere. Alipoona tunamsikiliza, akaongeza kwamba wanunuzi wa Nairobi wana dawa, wakikushika mkono tu, fedha yako inageuka chuma.

— Nyamaza, Redio, Thuranira alisema. Mimi sicheki.

Misheck mwenyewe ndiye aliyefungua droo akatoa sumaku yake ya kuokotea misumari midogo.

— Fedha haishikwi na sumaku. Angalieni wote, halafu huyu aniombe msamaha.

Aliisogeza. Sarafu ikaruka ikanata.

Kisha Thuranira akaipiga meza teke. Saa za watu, kioo cha kuangalizia, vigurudumu visivyozidi punje ya wimbi, vyote vikaenda kwenye vumbi. Salesio alisema mwizi ni mwizi. Hata mimi, ambaye Misheck amenitengenezea saa ya baba bila kunidanganya, nilisogea mbali naye kwenye benchi.

Wakati huo Rahema, anayeuza nguo mtaa wa pili, alikuwa amekuja kuchukua saa yake. Aliuliza kuna nini, akaelezwa na watu watatu kwa pamoja. Akamgeukia Thuranira, kwa sauti ya kawaida tu.

— Pole, Baba Kinoti. Na kabla hujaileta hapa, nani aliwahi kuijaribu kwa sumaku?

Thuranira alimwangalia Salesio, na Salesio akaangalia kikombe chake. Baba yake Thuranira ndiye aliyeileta ile shilingi nyumbani alipotoka kazini Nanyuki, na mama aliivaa hadi walipomzika baba, na baada ya hapo pia. Hakuna mtu aliyewahi kumvua shingoni aipime.

— Mama alisema ni ya fedha, Thuranira alisema mwishowe, na sauti ilikuwa bado ya hasira, lakini hatukujua tena ni hasira kwa nani.

Aliichomoa kwenye sumaku, akaitia mfukoni, akaondoka. Misheck alikuwa amepiga magoti, anaokota vigurudumu kimoja kimoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kumsaidia isipokuwa Rahema.