Nicandro Yescas Bautista, Aliyetia Alama ya Buluu

Nicandro alizaliwa tarehe 14 Mei 1994 hapa San Melchor Yaneza, akiwa mtoto wa kwanza wa Eufemia Bautista na marehemu Crisóforo Yescas. Wasifu huu unasomwa na mama yake nje ya lango la makaburi, kwa kuwa baraza la kijiji limesema litasikia kwanza maisha yake, kisha litamke kama azikwe ndani au la. Tunaomba msikilize mpaka mwisho.

Alisoma shule ya hapa kijijini mwaka 2000 hadi 2009. Nje ya dirisha la darasa walipita wale kunguru wetu wadogo wa buluu, wenye kinyago cheusi usoni. Siku moja mwalimu alimwita mama yake.

"Mama Eufemia, mwanao tangu asubuhi haangalii ubao."

"Ubao hauruki, mwalimu," Nicandro akajibu.

Mwalimu alicheka. Mama yake hakucheka.

Kazi ya pamoja ya kijiji hakuikimbia. Alichimba mfereji wa maji mwaka 2012. Mwaka 2014 alikuwa mjumbe wa baraza mwaka mzima, na mnakumbuka alivyowagongea milango kwa adabu. Kuanzia 2018 alitembea na kamati ya msitu akiorodhesha viota. Mkamwita Mume wa Kunguru, naye akaitika.

Hakujaliwa kuoa. Shangazi yake Zenaida alipomsumbua, alimwambia, "Shangazi, ndege wale hulea makinda kwa kusaidiana, ukoo mzima. Nitafutie mke mwenye ukoo kama huo, kesho naoa."

Machi 2022 mdudu wa magome aliingia kwenye misonobari, ikaamuliwa miti yenye ugonjwa ikatwe. Nicandro aliogopea mialoni ya bondeni, ambako ndege walikuwa wanajenga. Akaipaka rangi ya buluu miti ishirini na mitatu yenye viota, maana yake: huu uacheni. Mama yake alimuuliza, "Una hakika wataelewa?" Akasema, "Mama, ya kukata ni nyekundu. Buluu nani ataikosea?" Rangi ilikuwa ya mlango wa nyumbani, iliyobaki. Mama yake ndiye aliyempa kopo.

Alishuka mjini siku tatu kuuza viazi. Lakini kwetu, tangu mababu, mti wenye rangi ni mti wa kukatwa. Aliporudi, yote ishirini na mitatu ilikuwa chini. Mzee Fidencio alimwambia, "Rangi ni rangi, mwanangu. Tulidhani tunakusaidia." Hatumlaumu mtu. Hata yeye hakumlaumu mtu.

Tangu siku hiyo hakuonekana kwenye kazi ya pamoja. Aliitwa mara nne. Oktoba jina lake lilifutwa kwenye orodha ya kijiji, na aliyefutwa halazwi hapa. Hiyo ndiyo sheria, mama yake anaijua. Ila kila mjumbe aliyetumwa alirudi na jibu moja: "Waambie niko kazini." Mkadhani ni kejeli. Mama yake ndiye aliyempelekea tortila na maharage, na aliona kwa macho yake: alikuwa akipanda miche ya mialoni kati ya visiki, kwenye ardhi ya kijiji, peke yake.

Januari mvua ya baridi ilimkuta huko, akaanza kukohoa. Mama yake alimsihi ashuke. "Kesho, mama. Kuna kunguru wawili wamerudi." Hakushuka. Tarehe 6 Februari alibebwa hadi zahanati, mapafu yamejaa. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, akiwa na miaka 28.

Ameacha mama, Eufemia, dada mmoja, Obdulia, shangazi, Zenaida, na miche mia nne na kumi bondeni, ambayo haina wa kuipalilia.

Kwenye karatasi mlizoshika, mahali pa maziko pameachwa wazi. Shimo halijachimbwa. Ndugu zangu, kazi ya pamoja mnaijua kuliko mimi. Kama kupanda msitu wa wote kwa mikono miwili si kazi ya pamoja, semeni sasa, nimbebe mwanangu nikamlaze kwenye mahindi yangu. Kama ni kazi, majembe yameegemezwa hapo kwenye ukuta wa makaburi. Mpeni mahali, ndipo apumzike.