Rafu ya Mama Bado

Baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya viumbe wa baharini, tarehe thelathini mwezi huu Mama Bado anastaafu. Jina lake kamili hutumiwa na ofisi ya mishahara tu. Hili la Bado alipewa na wanawe, waliokuwa wakipiga simu kila jioni kumwuliza kama ameshatoka kazini, na kila jioni jibu likawa hilohilo.

Kazi yake ilikuwa kuwatambua minyoo wa baharini wenye nywele ngumu ubavuni, na kumweka kila mmoja kwenye ukoo wake. Kitindamimba wake alipoulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, alisema huwachana minyoo nywele. Mama Bado alilipenda jibu hilo. Alidai limeukaribia ukweli kuliko ripoti zetu nyingi.

Anayeingia chumba cha hadubini mara ya kwanza huona kitu kama uzi mwekundu ndani ya spiriti, basi. Yeye alitufundisha kuanzia kichwani: macho mangapi, vipapasio vingapi, taya zimejificha vipi kooni. Kisha tunashuka pingili kwa pingili tukitazama viguu vya ubavuni, na mwisho nywele zenyewe, kwa sababu ndugu wawili waliofanana kwa kila kitu huweza kutofautiana kwa jino moja tu kwenye ncha ya unywele. Kusema "mnyoo tu" mezani kwake kulikuwa marufuku.

Karibu na dirisha kuna rafu aliyoiandika BADO. Hapo hukaa chupa za wale ambao hawajajulikana. Wakubwa walipomhimiza aandike jina lolote linalokaribia ili ripoti iende, aliwaambia kwa upole kwamba jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina, maana hakuna atakayerudi kutazama tena. Mwaka baada ya mwaka aliipunguza rafu hiyo, mpaka ikabaki chupa moja. Alitamani sana kuimaliza kabla ya kuondoka.

Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mwezi uliopita alimkalisha fundi wetu wa hadubini kwenye kiti chake, naye akakaa kando, amefumba macho, akiuliza. Fundi alimweleza kichwa, taya, viguu, na uso wa Mama Bado ukazidi kung'aa. Likabaki swali la ncha ya unywele: jino moja au mawili?

"Mawili, mama," fundi alisema. "Au ni kivuli."

Mama Bado angeweza kulichukua lile "mawili" na kuliacha lile "au", na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hiyo 'au' yako, mwanangu, ndiyo bado," alisema. Akaipapasa rafu kwa mkono, akairudisha chupa mahali pake.

Mama Bado, asante kwa macho yako, uliyoyatumia kwa ajili yetu. Sasa nenda ukale chakula cha jioni na wanao kingali cha moto. Tunakutakia siku ndefu na zenye amani. Na utakapopiga simu kuulizia ile chupa, hatutakudanganya ili ufurahi. Mpaka tulione jino hilo bila "au", tutakujibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wanao.