Redio Mbili za Msako wa Jumapili

Benchi la kijiwe cha Ekerenyo halikutengenezwa na seremala. Ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili nje ya duka la Fundi Jasper, anayetengeneza simu na redio, na hapo ndipo Mong'ina huweka birika lake la kahawa ya tangawizi kila alasiri, majani ya chai yakishapimwa. Wageni hushangaa. Watu hawa wamezungukwa na michai hadi mlangoni, halafu wanakunywa kahawa! Hawajui kwamba mtu aliyeinamia chai tangu asubuhi hataki kukutana nayo tena kikombeni. Alhamisi hiyo benchi lilijaa mapema, ila kicheko hakikuwepo. Katikati ya vikombe zilisimama redio mbili nyeusi za mkononi, zile za kubonyeza na kuongea, na wanaume wanne walikuwa wakizitazama kama watu wanaosubiri daktari atoke.

Aliyezileta ni Fundi, lakini aliyezitaka ni Anyona. Kijiweni anaitwa Besi, kwa sababu ndiye mwenye sauti nzito katika kwaya ya Waadventista. Akiishusha, mabati ya kanisa hutetemeka. Wiki hizi mbili sauti hiyo ilikuwa imepungua.

— Hii inafika wapi? — aliuliza.

— Kilomita tano — Fundi alisema. — Kwenye karatasi. Huku kwetu na hivi vilima, sema moja na nusu.

— Haitoshi.

— Besi, bonde lote halifiki kilomita moja. Unataka kuongea na nani, mtu wa Sotik?

— Nataka yenye nguvu kuliko zote. Nimesema nguvu.

Wote walijua kwa nini. Wiki mbili zilizopita wanaume kumi na wawili walishuka kwenye vichaka vya mtoni kumfukuza fisi aliyekuwa akimaliza mbuzi. Chifu alikuwa ameruhusu, mradi kusiwe na kuua wala bunduki. Walijipanga mstari mmoja, kila mtu na fimbo yake, wakaingia. Ombui akateleza, akaanguka kwenye korongo, mguu ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Alianguka saa tatu asubuhi. Walimpata saa kumi. Simu huko chini hazishiki mtandao, na hivyo ndivyo kila mtu alivyoeleza: mtandao, mtandao. Sasa Ombui alikuwa hospitalini Kisii, mguu umeingia sumu, na habari za leo hazikuwa zimefika.

Aliyekuwa jirani yake kwenye mstari ni Anyona. Alikuwa ameulizwa na mzee wa kanisa, na chifu, na mke wake mwenyewe, na wote amewapa jibu moja: bonde limeinama vibaya, sauti haipandi, sikusikia kitu. Amelisema mara nyingi hadi limelainika mdomoni.

Makori alichukua redio moja akaipimapima mkononi. Huyu ni dereva wa bodaboda, na anaitwa Mtandao kwa sababu hakuna habari inayompita, ya kweli na isiyo ya kweli.

— Mimi ninajua hizi vitu, bana. Zile mawochimeni wa supamaketi za Kisii wanatumia ni hizi hizi. Shida yake ni moja. Unaweza kuwa unaongea na Besi, kumbe mtu wa supamaketi anakusikia. Unasema “fisi yuko kushoto,” yeye anafunga mlango wa kushoto.

— Unabadilisha chaneli — Fundi alisema. — Ziko kumi na sita.

— Na polisi? Hao wako kwa chaneli gani?

— Yao ni tofauti kabisa.

— Hivyo ndivyo wanataka udhani. Binamu yangu kule Nyamarambe aliongea kwa hii kitu dakika mbili tu, Landrova ikafika nyumbani.

— Ilifika kufanya nini?

— Iliuliza njia. Lakini kwa nini iulize kwake?

Nyamongo alikohoa. Kikohozi hicho hutangulia hukumu. Alifagia mahakama za Kisii kwa miaka ishirini na moja, na alipostaafu alirudi nyumbani na sauti ya jaji. Ndiyo maana wanamwita Hakimu.

— Tusikimbilie mashine. Kwanza niulize jambo la utaratibu. Msako ni lini?

— Jumapili — alisema Makori.

— Kila mara Jumapili! Jumamosi hamwezi, ni Sabato. Jumatatu hamwezi, ni chai. Mimi Mkatoliki nitaungama lini? Fisi naye ameshajua kalenda yenu. Ijumaa jioni anakula mbuzi bila wasiwasi, anajua ana siku nzima.

— Hakimu, fisi hana kalenda — Fundi alisema.

— Mbuzi wa mama Nyangate alichukuliwa siku gani? Ijumaa. Wa kwangu je? Ijumaa. Weka hiyo kwa rekodi.

Siku nyingine benchi lote lingecheka hadi kahawa imwagike. Anyona alitazama barabara ya kutoka Kisii. Alikuwa ameitazama tangu saa nane, kila gari likisimama anainua shingo, kisha anashusha macho kwenye redio.

— Betri inakaa muda gani? — aliuliza.

— Siku nzima, kama hupigi domo.

— Na ikilowa?

— Hii haiogopi mvua. Kuizamisha mtoni ndiyo sijasema.

— Na mtu akiwa chini, shimoni, amelala, mkono mmoja haufanyi kazi. Anaweza kubonyeza?

Fundi aliigeuza redio ubavu.

— Anaweza. Kitufe kiko hapa kando. Kidole gumba tu.

— Kidole gumba tu — Anyona alirudia.

— Lakini fisi naye atasikia — Makori alisema. — Wacha niwaambie. Mnyama anasikia vitu mtu hasikii. Hii redio kabla iongee inatoa mawimbi, sivyo, Fundi? Hayo mawimbi yanampiga kwa sikio. Anajua tuko wangapi, tumesimama wapi. Hata jina lako anashika.

— Uongo wako leo umeamka mapema — alisema Fundi.

— Mwache — Hakimu aliinua mkono. — Hapo kwa jina, amegusa kitu. Tukiwa na redio tutaitana vipi?

Mong'ina, aliyekuwa akiongeza makaa, alisimama na koleo mkononi.

Kila msako una sheria zake, na wa kwao una moja ambayo hakuna aliyewahi kuijadili: ukiwa kichakani, jina haliitikiwi. Babu zao waliamini fisi hujifunza sauti ya mtu, humwita mwingine kwa jina, na anayeitika huvutwa mbali na wenzake. Kwa hiyo msakoni watu hupiga mbinja. Mbinja moja, niko sawa. Mbili, nimemwona. Tatu, njooni haraka. Ukisikia jina lako, funga mdomo, endelea mbele. Wazee kwa vijana, waliookoka na wasiookoka, wote huifuata, na ukiwauliza watakuambia ni mazoea tu.

— Tutatumia majina ya kijiwe — Makori alisema. — “Mtandao kwa Besi, Mtandao kwa Besi.” Fisi hajui Besi ni nani.

— Na akisikia mara tatu, si atajua? — Hakimu aliuliza.

— Tutumie namba, basi.

— Namba za kitambulisho? Utamaliza kutaja ya kwako, mbuzi ameshaliwa na kusagika.

— Jamani — Fundi alisema. — Hiyo sheria ilikuwa ya wakati hakuna redio. Kama mtu anaumia, anaita jina, unajibu. Si ni hivyo tu?

— Ombui alijua sheria — Hakimu alijibu, sasa kwa upole. — Angepiga mbinja tatu tungefika. Hakupiga. Hapo ndipo mimi sielewi.

Anyona alielewa. Alikuwepo walipomtoa Ombui korongoni, kabla hajafungwa kitambaa usoni, na aliuona ule mdomo. Ombui alikuwa ameangukia jiwe kwa uso, mdomo wa juu umepasuka katikati. Mdomo wa namna ile haupigi mbinja.

Na alikuwa amesikia. Hilo ndilo lililomnyima usingizi kwa wiki mbili. Saa tatu na kitu, akiwa amesimama kwenye majani yanayomfika kifuani, alisikia jina lake kutoka chini kushoto. Si mara moja. Sauti ilikuwa nzito, imelowa, kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni. Alijiambia ni fisi. Alijiambia ni sheria. Lakini mara ya nne au ya tano alijua kabisa ni nani, maana ameimba kando ya sauti hiyo tangu wakiwa shule ya msingi, na hapo akafanya jambo ambalo hata fisi hakumlazimisha. Aliharakisha hatua. Aliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Alienda mbele hadi sauti ikabaki nyuma, na saa saba zikapita.

— Tuzijaribu — alisema ghafla. — Mtu ashuke na moja mtoni. Tuone kama sauti inafika hapa.

— Ikifika? — Fundi aliuliza.

— Ikifika tunanunua za kutosha, Jumapili kila mtu anakuwa na yake. Hakuna mtu ataachwa tena.

Alilisema kwa nguvu mno, na Mong'ina akamtupia jicho. Makori tayari alikuwa juu ya pikipiki, redio imening'inia shingoni.

— Nikifika kwa lile jiwe kubwa nitaongea. Kaa karibu na hiyo yako, Besi, usiende kukojoa!

Pikipiki ilishuka ikipiga kelele, ikapotea nyuma ya migomba. Waliobaki walisogea kuizunguka ile redio moja. Fundi aliongeza sauti hadi mwisho. Ilitoa mvumo mwembamba, basi.

Ndipo gari la Kisii liliposimama, na Anyona hakuliona, kwa kuwa alikuwa amekodolea redio. Aliposikia Mong'ina akisema “Karibu, mama,” aliinua uso. Kwamboka, mke wa Ombui, alikuwa amesimama mbele ya benchi na kikapu cha plastiki mkononi. Ndani mlikuwa na blanketi lililokunjwa na kiatu kimoja cha mpira.

Hakimu alisimama, akavua kofia.

— Shemeji. Habari za huko?

— Wamekata — Kwamboka alisema. — Jana jioni. Hapa chini ya goti. Amelala vizuri, ameamka, amekunywa uji.

Mong'ina alimimina kahawa, akampa. Kwamboka alipokea, hakunywa.

— Pole sana — Fundi alisema. — Pole, mama. Ndiyo maana tumekaa hapa hivi. Tunatafuta redio za msako. Ili kitu kama hicho kisirudi. Shida ilikuwa sauti, unajua. Huko chini sauti haifiki.

Kwamboka aliitazama redio, kisha akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Anyona kuliko matusi. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayetaka kumaliza shughuli moja kabla hajaenda nyumbani kupikia watoto.

— Kuanza kuongea vizuri ni leo — alisema. — Walikuwa wameshona mdomo. Ameniambia hakuweza kupiga mbinja, kwa hivyo akaita. Anasema aliita jina moja tu, la mtu aliyekuwa karibu, kwa sababu alikuwa ameona shati lake. Aliita hadi sauti ikaisha. Jina hajaniambia. Amesema tu niwaulize. — Alibadilisha kikapu kutoka mkono mmoja hadi mwingine. — Sasa nawauliza. Hakuna aliyesikia?

Hakimu alitazama kofia yake. Fundi alitazama mlango wa duka lake. Birika lilichemka juu ya makaa, na Mong'ina hakuliondoa.

Redio ikakwaruza.

— *Anyona!*

Sauti ya Makori ilitoka wazi kama ameketi kati yao. Alikuwa ameshaisahau sheria ya majina, hakutaja Besi wala namba.

— *Anyona! Anyona, unanisikia?*

Anyona alikuwa ameshika redio bila kujua ameishika saa ngapi. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Hakubonyeza.

— *Anyona! Niko hapa chini kwa jiwe. Anyona!*

Kwamboka hakuwa akiitazama redio tena. Alikuwa akimtazama yeye, na shati lake la bluu, lile lile la msako, ambalo mkewe alilifua mara mbili tangu siku ile.

— *Anyona, jibu basi!*

Alibonyeza. Sauti iliyotikisa mabati ya kanisa ilitoka nyembamba, na hakuielekeza kwenye redio.

— Nilikusikia — alisema, akimtazama Kwamboka lakini akimjibu Ombui. — Nilikusikia vizuri.

Kidole kikaachia. Kule bondeni Makori alicheka kwa furaha ya mtu ambaye mashine yake imefanya kazi, kisha sauti yake ikajaza benchi lote.

— *Ulinisikia? Sasa mbona umenyamaza muda wote huo?*

Kwamboka aliweka kikapu chini, akaketi kwenye ubao mahali ambapo Makori alikuwa ameketi, akasubiri jibu.