Mchicha wa Mama Yenu

Sogeeni, wanangu, na mnisikilize mkiwa mmekaa, maana mtu aliyesimama husikiliza kwa miguu. Wewe kifunguamimba chukua kile kiti, na dada yako akae hapa kitandani kwenye nyayo zangu, siku hizi hazichukui nafasi. Na wewe Fundi Saa, jirani yangu, najua unajiuliza umeitiwa nini kwenye wosia wa mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili mmesalimiana misibani tu. Kaa hapo hapo karibu na mlango. Neno lako linakuja, nalo ndilo zito kuliko yote.

Mnajua nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya kilimo, miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuipa namba na kuilaza kwenye jalada, na nyingine zililala usingizi mzuri kiasi kwamba hata aliyeziandika alistaafu kabla hazijaamka. Kila mwaka ulikuja waraka wa kuwahimiza wananchi wale mboga na matunda ya msimu, yaliyochumwa siku ile ile, yasiyopigwa dawa. Nami niliupiga chapa nakala mia nne, huku pembeni nina chai ya vijiko vitano vya sukari na biskuti za pakiti. Ugonjwa wa sukari uliponikamata, daktari alinipa karatasi ya ushauri, nikaisoma, nikaitambua. Ilikuwa yangu. Mganga hajigangi, wanangu, na karani hasomi anachokipiga chapa.

Mama yenu hakusoma waraka hata mmoja. Yeye alikuwa na kitalu chake hiki hapa nyuma, hatua kumi na nane kwa kumi na moja, samadi na majani yaliyooza kwa ajili ya udongo, jivu la jikoni kwa ajili ya wadudu. Alichuma umande haujakauka, na mboga ilitoka shinani ikaingia chunguni kabla haijajua kwamba imekatwa. Mnakumbuka ule mlio wa shina la mchicha likivunjika? Mimi niliamka kwa mlio huo miaka mingi kuliko nilivyoamshwa na saa yoyote, na Fundi anisamehe kwa kusema hivyo. Nanyi mlikuwa mkichuchumaa kwenye nyanya na chumvi viganjani, mnazila zikiwa bado na joto la jua, na maji yanateremka mpaka viwikoni.

Kalenda yake ilikuwa sahani. Mwezi wa kunde, mwezi wa mahindi mabichi, mwezi wa maboga. Alikuwa akisema kila kitu kina siku yake ya kuliwa: ukikiwahi kinakunyima, ukikichelewesha kinakucheka. Wewe mwanangu mkubwa, tulipokwenda kukuandikisha, ofisa aliuliza umezaliwa lini, mama yenu akamjibu kwa heshima zote, "Maboga yalikuwa yanaishia." Yule bwana akatafuta kisanduku cha maboga kwenye fomu, hakukiona, akakuandikia tarehe mosi mwezi wa kwanza. Ndiyo maana cheti chako ni halali na ni cha uongo kwa pamoja.

Na mstari wa mwisho wa kitalu, ule wa upande wa Fundi, haukuwa wake. Aliupanda kwa ajili ya jirani na mpita njia. Mwenye haja alichuma bila kubisha hodi wala kushukuru. Hapakuwa na ukuta wakati huo. Ninyi mmekua mkiyaona haya mabati, mkaambiwa yaliletwa na kosa la mama yenu.

Nipeni maji kidogo. Basi, inatosha.

Mficha maradhi, kilio humuumbua, na mimi kilio changu kiko njiani, kwa hiyo nataka kukitangulia. Mama yenu alikwenda kumuuguza mama yake, siku tisa. Huku nyuma vidukari wakauvamia mchicha. Nikasema, mimi mtu wa kilimo, mke wangu arudi akute shamba linang'aa. Nikachukua ofisini chupa ya dawa iliyobaki kwenye maonyesho. Mtunza stoo alinisainisha fomu tatu, na hakuna hata moja iliyouliza nakwenda kuifanyia nini. Nikapiga kitalu chote. Na mstari ule wa mwisho pia. Chupa iliandikwa usile kabla ya siku kumi na nne. Niliyasoma maneno hayo, mimi husoma kila kitu. Lakini sikumwambia mtu, wala sikufunga hata kitambaa chekundu pale pembeni. Siku ya tatu mke wa Fundi akachuma kama alivyozoea, na binti yao akatapika siku mbili, akalazwa, kisha akapona.

Mama yenu aliporudi alisimama kitaluni kwa muda mrefu. Hakutazama majani, alitafuta nyuki, hakuona hata mmoja. Akaniuliza, "Umeweka nini?" Nikamwambia. Hatujamaliza, Fundi akafika mlangoni na hasira zake za haki. Mama yenu akatoka mbele yangu, nami nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia akisema, "Ni mimi, shemeji. Nilikosea mimi. Nisameheni."

Baadaye aliniambia dawa ile ilikuwa mali ya ofisi, na ofisi ikijua nitafukuzwa, na watoto wako shuleni. "Mimi jembe haliwezi kunifukuza," alisema. Nami nikakubali. Hapo ndipo penyewe, wanangu: nilikubali haraka sana. Aling'oa kila kitu, akaufukia mchicha wote, akaiacha ardhi ipumzike misimu miwili. Fundi akasimamisha mabati. Mtaa ukampa jina la Mama Sumu, yeye, mtu pekee katika mtaa huu ambaye hakuwahi kushika chupa ya dawa mkononi. Aliliitikia jina hilo miaka kumi na sita, na nilimzika nalo.

Sasa, wewe kifunguamimba, umeniletea mchoro wa vyumba vinne vya kupangisha hapo nyuma. Ni mchoro mzuri, una mihuri mitatu, na mahali alipoinama mama yenu maisha yake yote wameandika "eneo wazi." Sikulaumu, nimewatumikia watu wa mihuri, nawajua. Sikieni ninavyogawa. Nyumba ni yenu wote wawili. Upande wa mbele, wa barabarani, ni wako, jenga vyumba viwili, choo chake kiwe mbali na pua za watu. Kitalu ni cha dada yako, ambaye amekipanda tangu mama yenu aondoke, na mstari ule wa mwisho pia; kisijengwe, kisipigwe dawa, na wajukuu wafundishwe kusubiri msimu, maana anayejua kusubiri boga hatahangaishwa na mengi. Vitabu vyangu mgawane msigombane. Mnaviogopa wote kwa kiasi kimoja.

Na wewe, Fundi. Msamaha wangu sikuombi leo, mimi niache kwenye jalada, nimezoea. Nakuomba umrudishie mwenzangu jina lake. Waambie mtaani ni yule karani.

Mnaona, amenyanyuka. Mwacheni atoke, msimshike mkono, ana haki ya... ana haki ya kuondoka bila kuaga.

Pumzi inakuwa fupi. Nisogezeeni mto. Wanangu, Mungu awape miili myepesi na meza yenye watu. Mle mkiwa mmekaa. Mpendane hata pale... hata pale mnapogawana. Radhi yangu mnayo, yote, sikubakiza.

Nani huyo nje? Nasikia mtu kitaluni. Chungulia dirishani, binti yangu.

Fundi? Kwenye mstari upi?

Anachuma... Ndiyo, nausikia mlio.

Mpelekee bakuli, mwanangu. Mikono yake haitatosha.