Leo Mashine Haijalia

Kahawa ya saa nne kwenye kibaraza cha kinyozi haina mwenyewe. Anayefika anajimiminia, kisha anaanza ubishi. Siku hiyo alikuwepo kinyozi mwenyewe, tunamwita Profesa, japo shule aliiacha mapema. Dobi, ambaye pasi yake ilikuwa imepoa. Mzee Nguzo, aliyepanda nguzo za umeme miaka thelathini. Na Cheche, mchomeleaji, ambaye saa hiyo angekuwa kwenye mageti ya watu. Alisema vijiti vya kuchomelea vimemwishia. Uongo mtupu, pakiti mbili zilikuwepo. Ila jana, alipokuwa akichomelea, alisikia ng'ambo ya ukuta ile mashine ya kumsaidia mke wa Mzee Nguzo kupumua inalia. Akasimama kubadilisha kijiti, ikanyamaza. Akachomelea tena, ikalia tena. Tangu hapo hakuchomelea tena, maana mama huyo ndiye aliyemlelea watoto wake pacha, mkewe alipolazwa hospitali.

Profesa: Mgonjwa anaendeleaje, Mzee?

Mzee Nguzo: Anajikongoja. Umeme ukishuka mashine inalia, namhamishia kwenye mtungi wa oksijeni. Na mtungi wenyewe unaelekea kwisha.

Profesa: Umeme unatoka mbali. Ukifika huku umechoka. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Dobi: Methali umeichomeka tu hapo. Wa mwanzo wa laini wanakunywa wote, sisi tunalamba kikombe.

Profesa: Na ndege je? Unadhani wanakaa kwenye waya bure? Wanaota moto wale. Ndege mia ni sawa na pasi moja.

Dobi: Basi nguo nitanyooshea ndege.

Mzee Nguzo: Nyie, nyaya ni tatu. Upande wetu wote tumejazana kwenye mmoja, hizo mbili zinapunga upepo. Nimeomba nyumba yangu ihamishiwe waya mwingine, wameniambia nisubiri.

Dobi: Na anayeuelemea zaidi huo mmoja ni nani?

Mzee Nguzo akapuliza kahawa yake. "Sote."

Cheche aliinamia kikombe. Hapo akatokea binti wa Mzee, kanga begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Baba, mama ameomba uji mwenyewe. Na mashine haijalia hata mara moja tangu asubuhi. Leo kuna nini?

Cheche akaweka kikombe chini.

— Ni mimi, Mzee, Cheche alisema. Ni mashine yangu ya kuchomelea.

— Najua.

— Tangu lini?

— Tangu siku ya kwanza. Miaka thelathini juu ya nguzo, nisijue?

— Mbona hukuniambia?

— Huyo mama yako mgonjwa ndiye aliyenikataza. Alisema, wale pacha watakula nini?

Machozi yalimtoka Cheche mbele za watu, wala hakuyaficha. Akamgeukia binti.

— Dada, huwa anakaa bila mashine saa ngapi?

— Saa nane mpaka saa kumi, akishaoga.

— Basi hizo ndizo saa zangu za kazi.